Kati ya Peni na Pini

Wiki yangu ya kwanza kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, niliomba kalamu mara tatu, na mara tatu nikaletewa pini. Ni zile pini tunazobania lebo kwenye mifuko ya nguo za wageni. Ya tatu niliipokea, nikasema asante, nikaibandika kifuani kama nishani. Ningefanyaje? Mwenzangu alikuwa ameacha pasi yake ili anihudumie.

Nyumbani kalamu tunaiita pia peni, na pini ni pini, hata mtoto wa chekechea hazichanganyi. Lakini kwenye Kiingereza changu maneno hayo mawili yanatoka yamefanana kama mapacha, na mimi sikuwa najua. Mtu hajisikii mwenyewe anapoongea.

Kiingereza hicho nilikipata Muheza. Shule nimeishia kidato cha nne, na Kiingereza cha shule kilikuwa cha kunakili ubaoni tu, hakikuwa na sauti. Cha kuongea nilikipata kwa daktari. Mama alikuwa mpishi wa zahanati ya misheni, na daktari wa pale alikuwa mama mmoja Mmarekani, mrefu, mwenye viatu vya raba na mikono inayonukia sabuni. Alitoka kusini mwa Marekani, ingawa kwetu Marekani haikuwa na kusini wala kaskazini, ilikuwa Marekani, basi. Alivuta maneno taratibu, kama mtu anayetandika shuka na hataki libaki na mkunjo. Hata Kiswahili chake alikivuta. Watoto wote alituita "asali", kwa sababu kwao ndivyo wanavyomwita mtu wanayempenda, naye aliona ametafsiri tu. "Fungua mdomo, asaaali." Wenzangu walinitania mwaka mzima: "We asali, unaitwa huko!"

Nikiwa na miaka tisa nilishikwa na homa mpaka nikawa naona paa linazunguka. Ninachokumbuka si dawa. Ni ile sauti, ikiniambia jambo moja moja, bila haraka, kana kwamba siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyeumwa Muheza nzima. Nilipopona nikaanza kuiiga. Nabana pua, navuta maneno, huku naosha masufuria ya mama. Nilipenda hasa neno lao la kuita watu wengi, "yol", maana Kiingereza cha shuleni kilikuwa na wewe tu, hakina nyinyi, na mimi niliona ni lugha gani hiyo isiyojua kuhesabu watu. Wenzangu walinizomea, lakini watu wazima walisema, "Huyu mtoto ana Kiingereza cha daktari." Kwa hiyo mimi nilikua nikijua kwamba hivyo ndivyo anavyoongea mtu aliyesoma kuliko wote.

Sasa nipo London, mtaa wa Kilburn, kwa mama mdogo, anayefanya kazi ya kutunza wazee. Nalala chumba kimoja na binti yake wa miaka kumi na tatu, ambaye Kiswahili anakielewa chote na kukijibu kwa Kiingereza. Yeye ndiye niliyemwonyesha tangazo kwenye simu: studio ndogo ya Walthamstow inatafuta sauti za Kimarekani za kusomea masomo ya Kiingereza, kwa wanafunzi wa nchi za nje.

Mimi ndoto zangu hazisubiri kumwagiliwa. Kabla sijamaliza kusoma tangazo nilishajiona nimekaa mbele ya kipaza sauti, nimevaa zile spika kubwa za masikioni. Niliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote tangu nifike London. Nilitaka mahali fulani nisipopajua kuwe na binti anayeosha masufuria huku ananisikiliza mimi, ananiiga mimi.

"Dada," mdogo wangu akasema kwa Kiingereza chake, "lakini wewe unaongea kama mkulima wa kwenye sinema."

"Mkulima gani?"

"Yule wa ovaroli. Anakaa barazani, wajanja wa mjini wanakuja wanamdanganya."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaanza kunifungulia video moja baada ya nyingine, Wamarekani wa kila upande: hawa wanameza herufi za mwisho, hawa wanaongea mbio kama wanafukuzwa, hawa sauti inapitia puani. Chini yake watu wameandika maoni yao: huyu anaonekana tajiri, huyu jeuri, huyu nisingemwachia ufunguo wa gari. Halafu ikaja sauti ya daktari wangu, yaani ile ile, isipokuwa ilikuwa ya kijana wa kiume. Watu wameandika: mzuri wa roho, ila mzito wa kuelewa.

Nilisoma hiyo mara mbili.

Mama mdogo akasema kutoka jikoni, "Mbona hata sisi? Mtu akichanganya 'r' na 'l' tunamcheka mpaka anaacha kuongea mbele za watu. Nenda kasome, mwanangu. Wakicheka, umerudi nyumbani, wali upo."

Jumamosi nikapanda treni mpaka mwisho wa laini. Nilipita soko lote la Walthamstow, refu kama mahubiri, nikijifundisha kuyatenganisha kwa sauti: peni, pini, peni, pini. Muuza vitunguu akaniuliza kama kuna kitu nimepoteza.

Studio ilikuwa nyuma ya duka la fotokopi, kijichumba kilichobandikwa sponji ukutani. Bwana mwenye studio alikuwa Mwingereza mpole, mwenye kikombe cha chai kilichokwisha poa.

"Wewe ni wa Marekani sehemu gani?"

"Muheza."

Akaandika. Kisha akainua kichwa. "Hilo ni jimbo?"

"Ni wilaya. Mkoa wa Tanga."

Akacheka, nami nikacheka, na kwa dakika hiyo nilidhani mambo yamekwisha kuwa mazuri. Nikasoma kipande cha majaribio. Akafumba macho akisikiliza, akasema ninapendeza kusikiliza, kabisa kabisa, akanipa kurasa zenyewe. Ilikuwa hadithi ya hospitali: daktari, mgonjwa na mpishi. Nikaanza moja kwa moja maneno ya daktari.

"Hapana, hapana," akasema. "Wewe ni mpishi."

Nikamtafuta huyo mpishi kwenye karatasi. Anaambiwa alete chai bila sukari, analeta sukari bila chai. Saa hajui kuisoma. Kila akifungua mdomo wenzake wanaguna, ili mwanafunzi ajifunze kuuliza, "Samahani, umesema nini?"

"Na daktari atasoma nani?"

"Natafuta mtu mwenye lafudhi isiyo na kwao," akasema. "Si mimi, ni wasikilizaji. Daktari akiongea namna hiyo hawatamwamini. Lakini mpishi ni wako, siku tatu za kazi. Nijibu Jumatatu kabla ya saa sita."

Jumapili sikukaa. Nilifua vilivyo safi. Nilikwenda Kilburn High Road mara nne, mara mbili kati ya hizo bila kununua kitu. Nikisimama kwenye taa za barabarani nasema maneno ya mpishi chinichini, na yalikuwa yanachekesha, hilo lazima niseme. Nilijua pa kuvuta, pa kushangaa. Ningeyasoma vizuri sana. Hapo ndipo miguu ilipokuwa inaniondoa tena, maana kila nilipoyasema vizuri nilimwona daktari ameshika ile taa yake ndogo ya kutazamia koo, ananisubiri nifungue mdomo, na mama nyuma yake amebeba uji.

"Utatoboa zulia," mama mdogo aliniambia. "Kaa basi, hata upande mmoja."

"Nikikaa nitasema ndiyo."

"Na ukisimama?"

Mdogo wangu aliinua macho kwenye simu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaniambia kitu kwa Kiswahili: "Dada, mwambie wewe ndiye daktari."

Jumatatu, wakati wa mapumziko, nikapiga simu nikiwa katikati ya mashine.

"Habari, ni mpishi hapa."

Yule bwana akacheka. Nikaona nisipoendelea wakati bado anacheka, sitaendelea tena. Nikamwambia kwamba nilipougua nikiwa mdogo, daktari aliyenitibu aliongea hivi hivi ninavyoongea, na wilaya nzima ilimwamini. Na mpishi wa pale alikuwa mama yangu, na saa alikuwa anaijua, ndiye aliyekuwa anawakumbusha wagonjwa dawa. "Kwa hiyo huyo mpishi siwezi. Nijaribu kwa daktari. Kama haiwezekani, basi, nashukuru."

Mashine ya tatu ikaanza kukamua, nikaziba sikio moja. Nilijua nimeitupa kazi niliyoililia.

"Alhamisi saa tano asubuhi," akasema mwishowe. "Nitakusikiliza kurasa mbili. Siahidi kitu, sikiliza vizuri, siahidi. Na tunahamia mlango mwingine, andika namba. Una kalamu?"

Sikuwa nayo. Nikawapigia wenzangu kelele, na kwa haraka ile mazoezi yote ya sokoni yakayeyuka, nikavuta kama Muheza: "Yol! Nipeni kalamu!" Yule mwenzangu akaja mbio, kanyoosha mkono, uso umejaa msaada.

Pini.

Nikaichukua. Nikararua kipande cha boksi la sabuni, nikakwaruza namba ya mlango kwa ncha yake, tarakimu moja moja, huku bwana akiuliza kama bado nipo.

"Nipo," nikasema. "Naandika."

Leo ni Jumatano. Kipande hicho cha boksi kiko mfukoni mwa aproni yangu. Namba nimeshaikariri, lakini kila nikipita kati ya mashine na meza ya kupigia pasi naingiza mkono, napapasa kwa kidole kuona kama mikwaruzo bado ipo.