Kona ya Chini ya Ngazi

"Hivi wewe Mama Okech, huko halmashauri una kiti?"

Swali hilo aliulizwa na jirani yake Rebeka, bombani, huko Mkolani, mwaka aliopata kona ya kuuzia chai mjini. Wanawake waliopanga ndoo walicheka. Naye alicheka. "Kiti cha nini? Watu wa chai tunasimama."

Leo hacheki. Ni saa moja asubuhi, na Modesta Akumu, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, yuko chini ya ngazi za jengo kuukuu zinakokaa idara za halmashauri moja mkoani Mwanza. Kabla ya kuwasha jiko lake dogo la gesi anafumba macho, midomo ikicheza. Kisha tangawizi inaingia kwenye maji.

"Kila siku namshukuru Mungu kwa kona hii," anasema. "Sasa sijui nitamwambia nini."

Kona yenyewe ukijinyoosha vibaya unagonga kichwa. Lakini hapo ndipo alipopatia ada za watoto tangu mumewe afariki. Kikombe cha chai shilingi mia tano, chapati hali kadhalika. Siku njema anaondoka na elfu kumi ya faida.

"Tajiri sijawa," anasema, "ila sijagonga mlango wa mtu kuomba unga."

Mambo yalibadilika halmashauri ilipoamua kuzibananisha idara zake kwenye ghorofa mbili, ili ya juu ipangishwe. Wakaja wapimaji, wageni katika jengo hilo, na futi kamba, wakapita chumba hadi chumba wakiandika nani anakaa wapi na ana meza ngapi.

Modesta alidokezwa ujio huo na mlinzi, Masalu, siku moja kabla. Akafanya kama alivyofundishwa na mama yake kwao Shirati.

"Kwetu mgeni hakuti masufuria mlangoni," anaeleza. "Ukisikia wageni wanakuja unaondoa vyako, unafagia, unawaachia nafasi."

Basi alihamisha jiko, chupa za chai na ndoo. Hata msumari wa kutundikia aproni aliung'oa. Akapiga deki mpaka sakafu ikang'aa. Vyombo vyote akavipeleka nyuma ya kibanda cha Masalu, naye akasimama hukohuko asizibe njia.

Wapimaji walipofika chini ya ngazi, walikuta peupe. Wakaandika hivyo.

Wiki iliyopita mchoro wa mpangilio mpya ulibandikwa ubaoni. Kila mtu alisogea kutafuta meza yake. Karani mmoja akanung'unika kwamba amewekwa jirani na choo. Modesta alitafuta ngazi, akaziona. Chini yake paliandikwa: stoo ya majalada.

"Mama Okech, kumbe siku hizi umekuwa jalada!" Masalu alimtania.

"Jalada lina nafuu, baba. Lenyewe limepewa pa kulala."



Barabarani wauza chai hufukuzwa. Kizimba cha sokoni kinadai kodi ambayo hana. Na binti yake wa mwisho, Favour, anasomea ualimu Butimba, amebakiza mwaka mmoja.

"Nikiondoka hapa, Favour anarudi nyumbani," anasema, akipangusa kikombe ambacho tayari ni kikavu. "Nimefunga, nimeomba. Nitamwomba yule afisa wa mchoro upana wa jiko tu. Majalada yakae, na mimi nikae."

Saa nne afisa aliyesimamia mchoro, Obedi Shimba, anashuka ngazi, karatasi ameiviringisha kwapani. Ni kijana mpole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa kwanza."

Anapokea kikombe. Modesta anaeleza haja yake taratibu, mikono ameifumbata juu ya aproni. Obedi anasikiliza, anatazama jiko, anatazama ngazi.

"Lakini mama, siku ile hapa palikuwa wazi. Nilisimama hapahapa mimi mwenyewe. Nikawaambia wenzangu, oneni, hapa hapatumiki, tena ni pasafi."

"Ni mimi niliyepasafisha."

"Sasa vitu ulivitolea nini? Tungeviona, tungekuandika!"

"Mlikuwa wageni, mwanangu."

Obedi anaukunjua mchoro, anauviringisha tena. Anasema kikao kimeshaupitisha. Anasema makabati yameshaagizwa, Jumatatu yanashushwa.

"Upana wa jiko tu," Modesta anasema.

Kijana anaweka kikombe kwenye kidato cha ngazi, chai ikiwa nusu. Anaubana mchoro kwapani, anainama asigonge kichwa, na kutokea mlango wa uani.