Siku Tuliyomwagilia Kiwanja cha Ndege

Wenzangu mliokulia Same enzi za Mwingereza, hebu nisaidieni, maana mjukuu wangu haniamini. Nilimwambia kwamba Same tulikuwa na kiwanja cha ndege, akacheka mpaka akashika mbavu. "Bibi, kiwanja? Kilikuwa na vyoo?" Ebo, vyoo! Kilikuwa na kibanda cha bati, pipa la maji, ndoo za mchanga za kuzimia moto, na mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti ili rubani ajue upepo unatoka wapi. Basi. Na kilikuwa na Mzee Kalage.

Kalage alikuwa mlinzi, lakini ungemsikia anavyoongea ungedhani ndege zote za Mwingereza ni zake. Kaptula ya kaki inayopita magoti, tarbushi nyekundu, filimbi shingoni. Kazi yake ilikuwa kufukuza mbuzi na kutufukuza sisi. Tulimwamkia shikamoo kwa sauti moja kama tuko darasani, naye anaitikia "Marahaba, tokeni!" bila hata kuvuta pumzi. Tukitoka upande huu tunaingia upande ule, tumenyoosha mikono kama mabawa, tunanguruma, mavumbi mpaka kwenye kope. Watoto wa siku hizi simu ikiisha chaji wanajilaza kochini kama wana malaria. Sisi ndege ikisikika, shule nzima ilimiminika nje, na mwalimu naye nyuma yetu, fimbo mkononi na kichwa juu, ameshasahau alitaka kumchapa nani.

Kwetu, juu kidogo mlimani, ndege ilikuwa na maana nyingine. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ilianza kidogo kidogo, tukaijua kwenye makande: tulianza kutafuna mawe, kwa sababu mama alikuwa anachambua maharage kwa vidole. Baba alitema jiwe, akatuangalia, akaendelea kula. Mimi ni kitindamimba, na mama alikuwa akinishika uso kwa viganja viwili, ananisogeza karibu na mwanga wa mlango, halafu anashusha pumzi. "Nakundwa mwanangu, nakuona kama moshi tu," anasema. "Nataka nikuone umefanana na nani."

Sasa muuguzi mmoja wa misheni akaja na habari kwamba daktari wa macho atakuja kwa ndege, atakaa siku chache, atawapasua wenye shida kama ya mama, kisha ataondoka. Nyumbani kukawa kama kuna harusi. Mama alifua kitenge chake na kukianika, akakifua tena kabla hakijachafuka.

Pembe ya msaragambo ikalia. Ninyi mnajua, pembe ikilia hakuna cha mimi nina kazi yangu: kila nyumba inatoa mtu, iwe ni kuzibua mfereji au kujenga shule. Safari hii jumbe alituita tukafyeke kiwanja. Tuliteremka wote, na mama akiwa ameshika bega langu. Majani yakafyekwa, mawe yakaokotwa, kina mama wakafagia kile kiwanja kwa mafagio ya nyumbani kutoka mwanzo hadi mwisho. Kikang'aa! Laiti tungeishia hapo tukarudi kula.

Lakini Kalage akapuliza filimbi. Kumbe ndege ya mwisho ilipotua, vumbi liliwafunika Bwana Shauri, yule Mzungu mkubwa wa wilaya, na mkewe na kofia yake nyeupe, na Kalage alifokewa mbele za watu mpaka alikosa pa kuweka uso. "Jamani," akasema, "nani kwenu anapokea mgeni kwenye ua wenye vumbi?" Kwetu mgeni akitarajiwa unafagia, unanyunyiza maji, vumbi linalala, ndipo unaweka kiti. Na mfereji ulikuwa unapita pale pale juu ya kiwanja.

Hapa ndipo ninapopandwa na hasira mpaka leo. Wapare! Watu wanaojua maji kuliko wanavyojua watoto wao, wanaoweza kukuambia zamu ya nani inaanza saa ngapi na maji yatafika mwisho wa shamba lini! Hakuna hata mmoja aliyesema ngojeni kwanza, hili dude lina magurudumu. Wazee walibishana tu juu ya zamu ya nani ikatwe. Wakakubaliana, wakafungua mfereji, maji yakaingia kiwanjani kama yanaingia shamba la mahindi. Pembeni ambako hayakufika, kina mama walinyunyiza kwa vibuyu. Mama naye akaomba kibuyu. "Mgeni ni wangu huyu," akasema, akacheka. Nilimwongoza, akanyunyiza polepole, hatua kwa hatua, kwa mkono wake mwenyewe.

Asubuhi vumbi halikuwepo, kweli. Ile ardhi nyekundu ilikunywa usiku kucha ikageuka ugali mbichi. Kalage aliingia kuweka mlingoti sawa, akatoka na kiatu kimoja. Hapo ndipo watu wakaanza kuangaliana.

Ndege ikaja. Ikazunguka, ikashuka mpaka tukaona miwani ya rubani, ikapanda tena. Kalage anapuliza filimbi, anapunga tarbushi, sijui alitaka ikanyage wapi. Mama alisimama na kitenge chake, uso juu, akifuata mlio. "Karibu, karibuni," anasema. Kisha ananiuliza, "Imetua?"

"Bado, mama."

"Imetua sasa?"

"Bado."

Mlio ukaenda ukipungua upande wa Moshi mpaka ukaisha. Mama hakuniuliza tena. Alinyoosha kitenge chake na kusema twende, ndege itarudi vumbi likiwepo. Ikaletwa habari kwamba itarudi msimu mwingine. Ilirudi, ndiyo. Lakini mama alikuwa ameshafariki kwa homa ya mapafu kabla ya mvua za vuli, na mimi hakuniona vizuri hata siku moja.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipeleka uwanja mkubwa kumpokea mama yake. Sakafu inateleza kwa usafi, viti, vyoo vya kutosha, kahawa ya bei ya mbuzi. Ndege ikachelewa nusu saa tu, basi kijana anasonya, anatembea huku na huku, anaandika malalamiko kwenye simu kwamba hii ni huduma gani. Huduma! Nilimwambia akae chini kabla sijamkumbusha baba yake alivyokuwa akichapwa. Hawa watoto wamepewa kila kitu, na subira hawana hata ya kujaza kijiko. Sisi tulikuwa na subira tele, na adabu, na umoja wa kufyeka kiwanja kizima kwa siku moja, na ona vilitufikisha wapi.

Ndipo kipaza sauti kikatangaza. Sikusikia vizuri, lakini kupitia kioo niliona magurudumu yanagusa lami, kavu, bila vumbi wala tope. Maneno yakanitoka kwa sauti, watu wakageuka:

"Imetua, mama."

"Bibi, unaongea na nani?"

"Si na wewe. Nenda kampokee mama yako."