Kwa Nini Semboja Alifumba Macho Akila Ini

Tangu akiwa msichana wa kutumwa maji, Mwantumu alikuwa na swali moja lililomkera kama funza kidoleni: kwa nini wanaume hufumba macho wanapotafuna ini la kuku? Baba yake alifumba. Wajomba zake walifumba. Alipoolewa na Semboja na kumtengea bakuli la kwanza, naye akafumba, akatafuna polepole, taya zikipanda na kushuka, kisha akameza na kushusha pumzi.

Mwantumu aliamua kwamba huo ni utamu usio na mfano. Angejuaje vinginevyo? Kwao Kwedizinga, huko Handeni, kuku akichinjwa, ini na firigisi ni vya baba mwenye nyumba, na mwanamke haruhusiwi hata kuramba kijiko kilichovigusa. Kuna mke wa jirani yao aliyerudishwa kwa wazazi wake na mkeka wake kichwani kwa sababu ya firigisi moja tu. Utotoni Mwantumu alimuuliza bibi yake sababu, akaambiwa mwanamke akila ini hazai. Lakini bibi huyo huyo alikuwa amesema hivyo hivyo juu ya mayai, na siku moja Mwantumu alimfuma nyuma ya jiko akila yai la kuchemsha, ilhali ana watoto tele. Tangu hapo hakuziamini sababu za bibi, ila desturi aliifuata, maana mkeka ule aliuona kwa macho yake.

Ini alilipika kama mama yake alivyompikia baba: liliingia chunguni pamoja na jogoo, likatoka pamoja na jogoo. Na majogoo wa Handeni huchemka tangu asubuhi mpaka watu wanasahau kwamba walikuwa na njaa.

Mwaka wa kuhamia vijijini walibomoa nyumba yao ya bondeni, wakajenga upya kwenye mistari karibu na barabara, na Semboja akachaguliwa kuwa balozi wa nyumba kumi. Alikuwa mtu mwema asiye na ukali, ila alipenda mno kusimama mkutanoni. Alihubiri usawa mpaka wazee wakasinzia. Kila aliyetoa jasho kwenye shamba la kijiji ale, alisema, awe mume awe mke. Mwantumu alikaa upande wa wanawake akimsikiliza na kufikiria ini.

Kwa kuwa barabara sasa ilikuwa mlangoni, alianza kupeleka kuku Korogwe kwa lori. Mteja wake alikuwa mama Rubab wa mtaa wa Kilole, mke wa mwenye duka, mwanamke mpole aliyependa kuku wa kienyeji. Siku moja mvua ikamzuia kuondoka, na Rubab akamkaribisha jikoni kwake, ambako alikuwa anapika maini ya kuku.

Mwantumu alikodoa macho. Rubab aliondoa nyongo kwa ncha ya kisu, taratibu, isipasuke. Akakaanga vitunguu kwa samli, akatia tangawizi na pilipili manga, kisha maini. Yalipobadilika rangi tu akayamwagia malai, ule utando mzito aliouengua kwenye maziwa ya asubuhi, akakoroga kidogo na kuipua.

"Mama, mbona umeyatoa mabichi?" Mwantumu akauliza.

"Yameiva. Shika, onja chumvi."

Mwantumu akarudisha mikono nyuma. "Hayo ni ya baba, mama."

"Baba yuko dukani. Mpishi asipoonja, nani ataonja?"

Mwantumu alitazama mlango, akatazama kijiko, udadisi ukamshinda. Ini lilikuwa laini, likavunjika ulimini lenyewe, na malai yakaja nyuma yake na joto la tangawizi. Alisubiri macho yafumbe. Hayakufumba. Akaomba kipande cha pili. Bado yalikuwa wazi kabisa.

Njiani kurudi hakusemezana na mtu. Alikuwa anakumbuka kwamba ini lake yeye, akilitenga, hugonga bakuli ko. Akaanza kuogopa: muda wote huo alikuwa anamlisha nini mumewe?

Ijumaa iliyofuata alichinjiwa jogoo. Alinunua maziwa kwa mama wa Kimasai aliyepita akiuza, akayachemsha, akaengua malai. Jogoo alichemka na firigisi yake tangu asubuhi, ila ini lilisubiri pembeni mpaka Semboja alipotoka msikitini.

Semboja alinawa, akatia tonge la ini mdomoni, akafumba macho. Taya zikapanda, zikashuka. Hazikukuta kitu cha kutafuna. Akafumbua macho.

"Mama Mwaija, hili ini halijaiva."

"Limeiva, baba Mwaija."

"Mbona laini?"

"Ndivyo lilivyo likiiva."

Semboja akaweka mkono gotini. "Wewe umejuaje?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: mama Rubab kaniambia. Ungemwokoa. Lakini akidanganya, swali lake angezikwa nalo. Mwantumu aliuona tena akilini ule mkeka, akaogopa, na bado akasema.

"Nimelionja. Nilionja kwanza Korogwe, kwa mama Rubab, na hili nimelionja kuangalia chumvi. Ukitaka kunirudisha kwetu, nirudishe. Ila niambie kwanza: huwa unafumba macho kwa nini?"

Semboja, ambaye hakuwahi kukosa neno mkutanoni, aliinamisha kichwa. Alitazama bakuli, si mkewe.

"Huwa najikaza," akasema mwishowe. "Lilikuwa gumu, mke wangu. Linakwama kooni. Lakini ndilo fungu la baba, ningelikataaje? Mzee wangu naye alikuwa akifumba. Nilidhani yeye anasikia utamu na mimi ndiye mwenye kasoro."

Mwantumu akakaa chini bila kukaribishwa. Alimkumbuka mama yake, aliyekufa akiamini kwamba kila Idi alimpa mumewe kitu kitamu kuliko vyote, na baba yake, aliyeyameza mawe yale bila neno ili mama asione haya. Walipendana na hawakuambiana. Ilimuuma mpaka machozi yakamlenga, na papo hapo kicheko kikampanda, akakizuia kwa upindo wa khanga.

Semboja akasogeza bakuli katikati. "Kula. Usipokula, nitasimamaje tena mkutanoni?"

Wakala pamoja, wakafuta malai kwa ugali mpaka bakuli likabaki na firigisi peke yake. Mwantumu akaitazama.

"Na hii je?"

Semboja akaifunika kwa kiganja. "Hii, mama Mwaija, naipenda kweli."

Mwantumu akamchungulia usoni. Macho yalikuwa wazi, basi akamwachia.