Shimo Letu la Mchangani

Juzi mjukuu wangu alifungua bomba jikoni akaniuliza, "Bibi, maji haya yanatoka wapi?" Nilicheka mpaka akanishangaa. Ndugu yangu, hilo lilikuwa swali langu mimi, miaka ya hamsini, huko nyikani nyuma ya Horohoro, kwenye miiba na vumbi jekundu.

Kijito chetu kilikuwa mto wa jina tu. Kiangazi kikiingia kinabaki mchanga mtupu, na kila nyumba inachimba shimo lake humo, inalizungushia miiba mbuzi wasiingie. Maji yalichuruzika polepole. Ukiteka kata moja, unakaa chini kungoja ya pili. Tulingoja mimi na bibi huku tukitafuna muhogo wa kuchoma, na maswali yalikuwa hayaniishii. Yanatoka upande gani? Usiku nayo yanalala?

"We mtoto," bibi alinitania, "mdomo wako una maji kuliko shimo!"

Mwaka mmoja jua likazidi. Baba, aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge, akatuma neno: shimo likikauka, anakuja kutuchukua. Bibi hakutaka hata kusikia. Babu alizikwa pale, na yeye alitaka kuzikwa pale. Basi kila asubuhi nilichungulia shimoni roho juu.

Jirani yetu hakujua kungoja. Alipoona maji yake yanapungua, akashika jembe, akachimba zaidi. Chini ya mchanga palikuwa na udongo wa mfinyanzi, akautoboa. Nilikuwepo. Maji yalizunguka, yakazama yote, yakitoa sauti kama ya mtu anayemeza. Lo! Kumbe yalikuwa na sakafu! Jirani alikuwa ameshika kichwa, na mimi nimeinama nachungulia.

Jioni akaja kwenye shimo letu na debe tupu. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa, tungoje."

Nikamnong'oneza bibi kwamba maji yatakwisha, tutahamishwa.

"Na hawa majirani wakihama kwa kiu," akasema, "nitabaki na nani?"

Yalikwisha kabla ya mvua. Baba akaja. Bibi alilifunika shimo kwa miiba mipya, vizuri, kama mtu atakayerudi kesho. Hakurudi tena.

Kule kwa baba, kambini kwa vibarua wa mkonge, kulikuwa na bomba. Bibi aliteka kata moja, akalifunga, akakaa chini. Wanawake waliopanga foleni wakamcheka, wakamwita mshamba. Mimi sikucheka. Alikuwa anangoja ya pili, na hivyo ndivyo alivyoteka maji mpaka alipokufa.

Nilimwambia mjukuu wangu, "Lifunge kwanza, mwanangu. Kaa hapa." Akakaa. Tukangoja.