Kamati ya ukweni ilivyotaka kunichagulia daktari wa bega

Wakuu, poleni na majukumu. Leo naleta uzi wa bega langu la kulia. Sitatia chumvi, maana chumvi yote shemeji yangu alishaimaliza kwenye group la familia.

Mimi ni fundi wa gypsum, naishi Visiga. Kwa wasiojua, kazi yangu ni kuinua mikono kutwa nzima nikifunga board za dari. Bega likigoma, sina kazi nyingine ninayoijua. Shikeni hapo.

Msimu wa korosho nikaenda ukweni Kisarawe. Mama mkwe akasema mabibo mazuri yako juu kabisa. Mimi mzee wa ngazi, nikaona hapa ndipo pa kuwaonyesha kwamba binti yao hakukosea kuolewa. Nikapanda mkorosho na viatu vya kutokea.

Tawi halikujali kwamba mimi ni mkwe.

Nilitua kwa bega mbele ya familia nzima, bibo bado liko mkononi. Mke wangu alicheka kwanza, akalia baadaye. Nimemsamehe nusu.

Hospitalini X-ray ikaonyesha mfupa ni mzima, ila mkono haukuinuka kupita kifua. Nikapimwa MRI, ikaonekana msuli unaoinua mkono umechanika. Nikaambiwa nitafute daktari bingwa wa upasuaji wa mifupa.

Hapo ndipo lilipoanza balaa.

Baba mkwe alijiona anahusika, maana mti ni wake. Akaitisha kikao, ikaundwa kamati. Wakuu, kamati kama ya harusi kabisa. Yeye mwenyekiti, mama mkwe mweka hazina, shemeji yangu katibu. Group la WhatsApp likafunguliwa, picha yake ni mimi nimening'iniza mkono kwenye kanga. Ajenda ni moja, kumtafutia mkwe daktari.

Mkwe mwenyewe sikuwa mjumbe.

Katibu akaleta jina la daktari wake wa Dar, mwenye followers kibao. Tukaenda. Ofisi ina AC ya kugandisha samaki. Jamaa akaangalia picha za MRI, akasema tunaingia theatre wiki hiihii. Bega lenyewe hakuligusa. Nikamuuliza kama nitarudi kufunga dari.

"Utakuwa fresh tu, bro," akasema, macho kwenye simu.

Nikamuuliza kama mabega ndiyo anayofanya zaidi. Akacheka, eti yeye anafanya mwili mzima. Wakuu, hata gereji wanagawana, huyu injini, yule umeme. Nikaaga kwa adabu. Shemeji alininunia hadi tunafika Kibaha.

Zamu ya mwenyekiti. Baba mkwe aliwahi kufanyiwa operesheni ya goti, na tangu siku hiyo anatembea kwa maringo. Kwake yeye, daktari wa goti lake anaweza kila kitu isipokuwa kufufua. Sasa ukweni huwezi kumwambia mzee hapana. Nikaenda nikiwa nimeshakubali yaishe, anikate tu.

Daktari huyu alinivua shati, akalishika bega, akaniinua mkono taratibu, akauliza kazi yangu. Nilipomwambia, akanirudishia shati langu. Halafu akasema yeye ni wa magoti na nyonga, mabega anafanya mara chache. Akaniandikia rufaa kwa daktari mwenzake ambaye kazi yake kubwa ni mabega.

Nilimpenda hapohapo. Ila nilijua nyumbani kuna msala.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Daktari wangu amekukataa?"

"Hapana baba, amenielekeza kwa mwenzake."

Mzee hakuniamini. Akampigia simu daktari mbele ya kamati nzima, akaweka loud speaker. Yule bwana akamwambia, "Mzee wangu, goti lako nililiweza. Huyu kijana anakula kwa bega, siwezi kulifanyia majaribio." Baba mkwe akakata simu, akakoroga chai mpaka ikapoa. Halafu akasema kamati inaniachia mwenyewe nichague.

Nikaenda kwa huyo wa mabega. Ni mama mmoja mpole, sauti ya chini. Naye alilishika bega kwanza. Nikamuuliza swali langu lilelile la dari.

Akasema atashona msuli, mkono utakaa kwenye sling, halafu mazoezi ya miezi mingi ambayo yatauma kuliko operesheni. Akasema nina nafasi nzuri ya kurudi kazini, lakini hawezi kuniahidi kutwa nzima mikono juu. Niliogopa sana, wakuu, na bado nikamchagua palepale. Kati ya wote waliopangwa kunikata, ni yeye peke yake aliyeniambia kitu ambacho huenda nisikipate tena.

Mazoezi yaliniliza kweli, mtu mzima na ndevu zangu. Sasa hivi nafunga dari asubuhi, mchana nafanya kazi za chini.

Mwezi uliopita kamati ikavunjwa rasmi Kisarawe, pilau na soda, kama harusi. Katibu akasema wanaoafiki kamati ivunjwe wanyooshe mikono.

Nikanyoosha wa kulia. Ukapanda mpaka juu.

Shemeji akasema kura yangu haihesabiki, mimi si mjumbe. Hakuna aliyecheka. Baba mkwe alikuwa anauangalia ule mkono, akavua kofia, akafuta uso wote kama mtu mwenye jasho.

"Ushushe sasa, mwanangu," akasema. "Tumeuona."

Basi wakuu, ukitafuta daktari wa bega, muulize anafanya mabega kwa wingi kiasi gani, na umsikilize kama ana kitu cha kukukatisha tamaa. Asiye nacho, vaa shati lako uondoke.

Waliopita njia hii waje watuambie walichaguaje. Na wewe uliyenitumia PM ukiulizia mabibo, muulize mama mkwe. Mimi sipandi.