Pipa la Vitu vya Ndanu

Nakumbuka mchana mmoja nyumbani kwetu Mukuyuni, jua linachoma mpaka mabati yanalia, na mimi nimesimama kwa mguu mmoja pale varanda nikisema maneno ambayo mtu wa kwaya hafai kuyasema. Nilikuwa nimekanyaga gari la waya. Mwanangu, kama una mtoto mdogo kwako, usinicheke. Utalikanyaga lako pia, kama bado hujalikanyaga. Kaa vizuri basi nikuambie lilikonipeleka. Si habari tamu, na sitaitia sukari.

Gari lilikuwa la binti yangu Ndanu, kifungua mimba wetu, wa miaka mitatu. Nilimtengenezea kwa mikono yangu, magurudumu nikayakata kwenye slipa kuukuu. Alikuwa pia na doli la gunzi, ambalo mama yake, Nduku, alilivisha kipande cha leso. Alikuwa na vifuniko vya soda, na vikombe vya plastiki alivyoletewa na shangazi yake kutoka Sultan Hamud, na vijiti ambavyo ni yeye peke yake aliyejua ni vya nini. Vyote hivyo alivianika nyumba nzima kama ndengu baada ya mavuno. Ukitafuta pa kuweka mguu, huna.

Mimi nilikuwa kijana, nina kiduka cha misumari, kufuli na bawaba pale sokoni. Katika biashara ile, kitu kisipokuwa mahali pake ni sawa na kimepotea. Kila msumari una mkebe wake. Nikataka na nyumba yangu iwe hivyo, na mtoto wangu awe hivyo. Nilipenda sana methali za kulea, unajua vile kijana akipata mtoto mmoja hujiona mwalimu wa dunia. Samaki mkunje angali mbichi! Niliisema mpaka Nduku akawa ananimalizia.

"Mkunje, mkunje," alikuwa akinicheka. "Baba Ndanu, huyo ni mtoto. Na huku kwetu Ukambani samaki umemjulia wapi?"

Nikikasirika nilimtupia methali ile nyingine, ya mchelea mwana kulia hulia yeye. Sikujua bado kwamba asiyemchelea naye hulia.

Sasa mwaka ule mvua ilikuwa imekataa. Ilikataa msimu wa kwanza, ikakataa wa pili. Ndengu zilikauka zikiwa kimo cha kidole. Maji tulikuwa tunaletewa na wenye punda, mitungi tunaifungia jikoni kama dhahabu. Pale varanda, karibu na gata la kuteremshia maji ya paa, kulikuwa na pipa la bluu la plastiki, lenye kimo cha kiuno changu, la kukinga maji ya mvua. Lilikuwa limekaa bure mpaka buibui wakahamia humo. Siku ile ya gari la waya, huku nikichechemea, nililitazama nikaona nimepata dawa. Nikawafukuza buibui, nikalipangusa, nikatia humo vitu vyote vya Ndanu, nikafunika. Nyumba ikawa safi. Ai, nilijisikia mwanaume!

Nikamfundisha. Asubuhi namwagia vitu vyake chini, acheze. Jioni anavirudisha mwenyewe. Kwa vile pipa lilikuwa refu kwake, nilimwonyesha kukichukua kigoda cha jikoni, kukiburuta mpaka pale, kupanda na kuviingiza kimoja kimoja. Tena nilikuwa mkali. Nilimwambia asiache kitu kikiwa juu juu. Avisukume viende chini vyote, ndipo kifuniko kishike. Na mtoto yule alishika! Siku chache tu, nikisema, "Ndanu, rudisha vitu mahali pake," unasikia kigoda kinakuja. Kina mama wa ushirika wakija kwetu kwa maombi, nilikuwa namwita makusudi afanye mbele yao. Walipiga makofi. Mmoja alisema atatafuta pipa lake pia.

Mama yangu, ambaye sote nyumbani tulimwita Susu kwa ajili ya Ndanu, maana ndivyo mjukuu anavyomwita nyanya yake, yeye hakupiga makofi. Aliuliza tu, "Na mvua ikija?"

"Mvua gani, mama? Wacha ije kwanza," nikamjibu. "Ikija nitahamisha vitu. Ni kazi ya dakika moja."

Na kweli ilikuwa kazi ya dakika moja. Ukitaka kujua ujinga wangu ulikuwa na ukubwa gani, ndio huo.

Ilikuja Jumapili moja alasiri, baada ya kuombewa kanisani mpaka watu wakakauka koo. Susu ndiye aliyeiona kwanza ikitoka upande wa milimani. "Vyombo! Toeni vyombo!" Tukakimbia kama watu wanaofukuzwa. Nduku anatoa sufuria na beseni, mimi natoa ndoo. Nikalipindua lile pipa sakafuni, nikazoa vitu vya Ndanu, nikavitia kwenye kikapu, nikakiweka chumbani karibu na kitanda. Nikalisukuma pipa hatua mbili tu, likakaa chini ya gata. Halafu nikamshika Ndanu mkono nikampeleka chumbani.

"Vitu vyako sasa vinakaa hapa. Umeona?"

"Eeh."

"Vinakaa wapi?"

"Hapa."

Nikaridhika. Msumari ukiuhamisha kutoka mkebe huu hadi ule, unakaa, haukumbuki ulikotoka. Nilidhani na mtoto ni hivyo.

Mvua ilinyesha, woi, ilinyesha! Pipa lilijaa usiku ule ule. Hatukulifunika, kwa maana bado matone yalikuwa yanakuja na kila tone lilikuwa na thamani. Watu wa Mukuyuni waliamka wanaitana kutoka boma hadi boma, wanacheka ovyo. Baada ya siku mbili ardhi ikawa tayari, jua likachomoza, na kila mwenye mikono akaenda kupanda. Nduku na Susu walitangulia shambani na mbegu. Mimi nilibaki na Ndanu nikipigilia mpini wa jembe, kiduka nimekifunga siku hiyo, kisha nimbebe tuwafuate.

Nilikuwa nyuma ya nyumba. Ndanu alikuwa varanda na vitu vyake. Alikuwa amevitoa mwenyewe kwenye kikapu, nilimwona. Mpini uliposhika, nikamwita bila kugeuka.

"Ndanu! Rudisha vitu mahali pake, tuende kwa mama."

"Sawa, baba."

Mwanangu, nilisikia kigoda kikiburutwa. Nakuambia nilikisikia kwa masikio haya. Kwaru, kwaru, kwaru, kinatoka jikoni kinakwenda varanda. Na unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilijiambia, tazama mtoto mwenye adabu. Nikachukua tupa nikaanza kunoa jembe. Wazee walisema mazoea yana tabu, na mimi sikuwahi kuitilia maanani hiyo, kwa sababu ni fupi na haina mtoto ndani yake.

Nilipoona kimya kimezidi nilikwenda. Kigoda kilikuwa kimesimama sawasawa kando ya pipa, hakikuanguka. Vikombe vilikuwa vinaelea. Doli la gunzi lilikuwa linaelea. Vitu vya plastiki na gunzi haviendi chini kwenye maji, hata ukivisukuma namna gani, na yeye nilikuwa nimemfundisha asiache kitu juu.

Nilimtoa. Nilikimbia naye mpaka zahanati, miguu mitupu, jembe sijui nililiangusha wapi. Muuguzi alinipokonya akamlaza, akajaribu, akajaribu tena. Kisha akaacha, akaniwekea mkono begani. Nilitaka kumpiga. Mungu anisamehe, nilitaka kumpiga yule dada wa watu kwa sababu aliacha.

Nduku aliambiwa akiwa na mbegu mkononi. Hakulia. Alirudi akakaa chini, akatazama mbele, hakulia siku ile wala iliyofuata. Susu alikwenda kwenye lile pipa peke yake, akaliegemea na mgongo wake mzee mpaka likaanguka. Maji yale tuliyoyaombea misimu miwili yakaenda zake uani. Gari la waya lilikuwa chini kabisa. Hilo ndilo pekee lililokuwa limezama.

Siku ya mazishi watu walisema yale ambayo watu husema. Kwamba Mungu amechukua ua lake. Kwamba watoto wa siku hizi ni watundu, ukigeuka kidogo amefika pabaya. Na mimi, mwanangu, nikalidaka hilo la utundu kama mtu anayezama anavyodaka nyasi. Nikasimama mbele ya kaburi la mtoto wangu, mbele ya kanisa lote, nikasema kwa sauti: "Nilimwambia! Nilimwonyesha kikapu. Nilimuuliza vitu vinakaa wapi, akanijibu hapa. Lakini mtoto akikosa kusikia, mzazi atafanya nini?"

Susu alikuwa ameketi chini, amemshika Nduku. Aliinuka polepole. Mama yangu hakuwa mtu wa kupaza sauti, na siku hiyo pia hakuipaza.

"Mutua, nyamaza. Usinitukanie mjukuu. Kikapu ulimwonyesha mara moja. Pipa ulimwonyesha kila jioni, jua lote lile, ukimpigia makofi. Ulipomwambia mahali pake, alikwenda mahali pake." Akanitazama usoni. "Alikusikia, mwanangu. Huyu mtoto alikusikia kabisa."

Hapo ndipo Nduku alipolia. Alilia mpaka wakambeba.

Watu watakuambia aliyeumia huambiwa maneno laini. Mimi nakuambia yale ya Susu ndiyo yaliyonizuia nisimzike mtoto wangu mara ya pili kwa uongo. Lakini sikudanganyi kwamba yaliniponya. Nduku alikwenda kwao, kijiji cha Tulia, akakaa huko mpaka mahindi ya mvua ile yakavunwa. Alirudi, tukazaa wengine, wamekua, wana kazi zao. Mpaka leo sokoni naitwa Baba Ndanu, na ninaitika. Mvua ikianza, majirani wakishangilia, sisi wawili tunaingia ndani tunafunga dirisha. Hatujawahi kuzungumza juu yake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wengine walivyoniambia. Guu! Guu ningelikubali. Guu linafungwa plasta.

Sasa nisikilize. Vitu vya mtoto mdogo viweke chini, mahali ambapo miguu yake yote miwili itabaki sakafuni. Kikapu, katoni, beseni lililotoboka, chochote, ila kisiwe chombo chenye kazi nyingine itakayokuja kukidai kesho: si pipa, si ndoo, si debe la dawa ya kunyunyizia maembe hata ulioshe mara ngapi, si juu ya kabati ambako atapanda, si karibu na jiko. Usikitie kifuniko kizito. Usiwe na haraka ya nyumba safi. Waya kwenye unyayo unatoka kwa sindano. Na ukilazimika kuhamisha mahali pale, usimwonyeshe mara moja ukaenda zako. Hama naye. Mshike mkono jioni ya leo, na ya kesho, na ya kesho kutwa, mkaviweke pamoja, mpaka siku utakayomwona anakwenda mwenyewe bila kuambiwa. Na mahali pa zamani papotee kabisa machoni pake. Usipaache pamesimama palepale, rangi ile ile, pakimngoja.

Kumfundisha mtoto si vibaya, sisemi hivyo. Ila ujue kwamba amri ya mzazi hukaa ndani ya mtoto muda mrefu kuliko inavyokaa ndani ya mzazi. Wewe ulishaisahau, yeye bado anaitii.

Haya, inuka, nisikucheleweshe. Wengi watakubariki wakikuombea watoto wasikivu. Mimi sikuombei hilo, maana watasikia tu, hata wale utakaodhani ni viziwi. Mungu akujalie wewe usikie kwanza unachowaambia. Na kila mmoja wao akikuitikia "sawa, baba" au "sawa, mama", Mungu akuinue kichwa chako kutoka kwenye kazi yako, utazame miguu yake inaelekea wapi.