Treni ya Fundi Shakuru

Fundi Shakuru wa Bwiza ametengeneza jenereta miaka thelathini, lakini treni hajawahi kuigusa hata msumari. Wala asilaumiwe, Bujumbura haina reli. Ila aliwahi kuipanda mara moja huko Kigoma, basi mwalimu Elvire akamwita darasani awaeleze watoto.

Akaeleza mpaka shati likalowa. Injini ya mazutu, yaani dizeli, haizungushi magurudumu yenyewe. Inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, na umeme huo ndio unaoendesha treni nzima na kuwasha taa zake.

Yasmina, mtoto wa miaka minane, akanyoosha kidole.

"Fundi, umeme yake inakatikaka?"

"Apana. Inajitengenezea yenyewe."

"Sasa inatembea ya nini? Ikae hapa kwetu."

Jioni watoto wakapeleka habari hiyo nyumbani.

Kesho yake alikuta majirani wamepanga foleni mbele ya karakana yake, simu zimezima, chaja mkononi. Wa kwanza alikuwa mwalimu Elvire, na friji yake juu ya mkokoteni.

"Munangoja nini?"

"Treni," wakamjibu.

Shakuru akaitazama simu yake. Imebaki asilimia mbili. Akaenda kusimama nyuma yao.